Kidonge cha malaria kila siku, na malaria sina

Shikamoo shangazi. Naomba jina langu usiliweke wala kitu chochote cha kunitambulisha maana Moshi ni ndogo, ukikohoa Pasua unapewa pole Kiboriloni.

Mi nina miaka 29, ndoa ina mwaka wa nne, mtoto bado. Kazi yangu kushona, nina cherehani pale soko la Memorial, narekebisha mitumba, napunguza suruali, nabadili zipu. Mume wangu ni dereva wa Coaster za Arusha. Ni mtu mzuri, nisimseme vibaya, ila ni wa mama yake.

Miaka miwili nyuma vidole vilianza kuniuma asubuhi, yani naamka siwezi kushika sindano mpaka saa nne, nikadhani ni kazi. Ikaja nywele kutoka, vidonda mdomoni, uso nao ukatoka mabaka mashavuni yamekutana juu ya pua, wifi yangu akawa anasema nimejipaka mkorogo umenikataa. Homa inakuja inaondoka. Nimezunguka zahanati tatu shangazi, kila nikifika ni malaria na taifodi, malaria na taifodi, nimechomwa sindano mpaka nikawa nakaa upande upande. Mwisho dada yangu akanipeleka hospitali kubwa, wakachukua damu na mkojo, wakaniambia nina lupasi, kwamba kinga ya mwili wangu inanishambulia mimi mwenyewe. Nikapewa prednisoloni wakaipunguza taratibu mpaka wakaitoa, na haidroksiklorokwini miligramu 200 kila siku, hiyo wakasema niendelee nayo tu nisiiache bila kuwaambia.

Ilinisaidia, siwezi kuficha. Haikuwa haraka, kama miezi mitatu hivi, ila vidole vikaachia na uso ukatulia. Kosa langu ni kwamba nyumbani nilisema nina baridi yabisi basi. Niliogopa kusema nina ugonjwa usiopona wakati hata mtoto sijawapa. Vidonge nikawa naviweka kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati.

Mwezi wa nane mume wangu akalikuta. Hakuniuliza, akapiga picha akamtumia binamu yake mwenye duka la dawa, jibu likaja hizo ni ndugu za klorokwini, za malaria. Sa niambie, mtu mzima anameza dawa ya malaria kila siku na malaria hana, si lazima anaficha kitu? Wifi akadakia kwamba wanawake wengi wanaweka ARV, dawa za Ukimwi, kwenye makopo ya dawa nyingine. Akaongeza kwamba hiyo si ndo ile ya Corona Wazungu wenyewe waliikataa. Mama mkwe yeye akatoa hukumu kabisa, hiyo dawa inaua kinga na inafunga kizazi, ndo maana sishiki mimba. Anataka niache mpaka Krismasi tukipanda Kibosho kwao, ninywe mwarobaini na msesewe, magome ya mti anayochemsha yeye, tukifika Krismasi nikiwa mzima basi sikuwa na ugonjwa wowote.

Nikasema sawa. Ila sikuacha. Nimehamishia vidonge kwa rafiki yangu sokoni anauza viatu, nameza nikifika kazini. Jumapili sendi sokoni kwa hiyo nakosa, na siku nyingine mume anakuwa mapumziko nakaa nyumbani, toka mwezi wa tisa nimehesabu siku kumi na moja nimekosa.

Afu kilichonimaliza ni kwamba nilisoma kwenye simu na kweli imeandikwa dawa hii inapunguza kazi ya seli za kinga. Na kwamba inaharibu macho! Mi ni fundi, nikikosa macho nitaishije? Nikaanza kuwaza labda mama mkwe anasema kweli na mi ndo najiua. Na leo nakuandikia siku zangu zimechelewa siku tisa, sijapima, naogopa kufurahi.

Niache dawa niokoe ndoa na labda mimba? Niendelee kudanganya? Au nikae mbele yao wote nimwage yote?

Mimi Mwenye Kopo, Moshi


Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya zahanati tatu kwanza, maana huo wimbo wa malaria na taifodi naujua, nimekuwa nesi miaka mingi kabla sijazeeka nikaanza kujibu barua.

Barua yako nimeisoma mara mbili na ninavyoielewa kuna mambo mawili umeyafunga kwenye kanga moja. Kuna ugonjwa na dawa yake. Na kuna siri, ambayo ilianza ndogo tu ya baridi yabisi na sasa imeota miguu imefika mpaka kwenye kibanda cha viatu. Wakwe zako wanadhani wanagombana na kidonge, kumbe kwa sehemu kubwa wanagombana na lile kopo.

Tuanze na kidonge kwa sababu ndicho kinakunyima usingizi. Binamu mwenye duka hakudanganya, haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini. Mi nimekua enzi za klorokwini, ukimeza unawashwa usiku kucha unajikuna kama una upupu, waulize hata mama mkwe wako anakumbuka. Hapa kwetu iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu wadudu walishaizoea, ikaja SP, nayo ya malaria, halafu 2006 ikaja dawa ya mseto tunayotumia mpaka leo. Kwa hiyo kama nia yako ingekuwa kutibu malaria binamu ana haki ya kushangaa. Lakini kutumia dawa za ukoo huu kwa lupasi sio jambo la jana, mwaka 1894 daktari mmoja wa London, Payne, alishaandika kuhusu kuwapa wagonjwa wa lupasi kwinini. Na wakati wa vita vya pili vya dunia askari walikuwa wanamezeshwa dawa nyingine ya malaria, mepakrini, baadhi yao wakaona mabaka ya ngozi na viungo vinapata nafuu bila kutarajia, madaktari wakafuatilia. Hiki unachomeza wewe kimekuwa sokoni tangu 1955.

Sasa ulichosoma, kwamba inapunguza kazi ya seli za kinga. Ni kweli, ila neno kupunguza limekutisha kuliko linavyostahili. Ndani ya seli za kinga kuna vifuko vidogo sana vyenye uchachu mkali. Seli ikiokota kitu mwilini, iwe mdudu au seli iliyokufa, inakiingiza humo inakisaga, halafu vipande inavitundika nje ili seli wenzake waone adui anafananaje. Humo vifukoni kuna walinzi wanaonusa vinasaba vya virusi, wataalamu wanawaita TLR 7 na TLR 9, wakinusa tu wanapiga yowe, na yowe lenyewe ni kemikali kama intaferoni inayoita mwili mzima uje na mapanga. Kwa mwenye lupasi vinavyoingia humo ni vipande vya vinasaba vyake yeye mwenyewe, walinzi wanapiga yowe vilevile, na kijiji kinakuja kupiga mwenye nyumba. Ndo vidole vyako hivyo, ndo uso wako.

Kidonge kinakwenda kujilundika kwenye vile vifuko vichachu na kinapunguza uchachu. Wewe umeolewa Kibosho utanielewa, ni kama mtu kamwaga magadi kwenye pipa la mbege, ile pombe ya ndizi, pipa lipo, mbege ipo, ila ule ukali hakuna. Kusaga kunakuwa kwa uvivu, vipande vinavyotundikwa nje vinapungua, walinzi hawanusi vizuri, yowe linakuwa dogo. (Mdudu wa malaria naye ana kitumbo kichachu anachosagia damu yako, dawa ilikuwa inajazana humohumo mpaka takataka za damu zinamgeukia sumu, ndo maana kidonge kimoja kina kazi mbili zisizofanana.) Lakini magadi hayabomoi pipa. Seli zako haziuawi, hesabu yake haishuki kama inavyoshuka kwa dawa nyingine nzito za lupasi, na dawa hii haijulikani kwa kumfanya mtu aokote kila ugonjwa unaopita mtaani. Kwa hiyo mama mkwe akisema inaua kinga mi ningemuuliza kwa upole, ipi? Maana kinga ya kwako ndiyo iliyokuwa inakuua.

Hilo la Corona wifi kashika nusu. Marekani waliiruhusu kwa dharura Machi 2020 na kufikia Juni wakaondoa ruhusa hiyo, kwa sababu kwa Corona haikusaidia. Kwa lupasi hakuna aliyeiondoa. Tena wagonjwa wa lupasi kule walihangaika kuipata kipindi kile kwa sababu kila mtu alikuwa anaigombania.

Macho. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ni kweli inaweza kuharibu nyuma ya jicho. Ila inategemea dozi na miaka. Wanashauri isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, na wanaobaki humo walioharibika macho ni chini ya asilimia 2 ndani ya miaka 10 ya mwanzo, baada ya miaka 20 ndo inapanda sana. Wewe kidonge chako ni 200, sijui uzito wako, piga hesabu mwenyewe, hata kilo 40 inaingia. Figo zikiwa mbovu hatari inaongezeka, ndo maana figo nazo zinatakiwa kuangaliwa. Unatakiwa upimwe macho ndani ya mwaka wa kwanza, halafu ukishafika mwaka wa tano kila mwaka. Barua yako haisemi kama umepimwa. Hapo Moshi hospitali ya KCMC wana idara ya macho, watu wanatoka mikoani kuifuata, na wewe uko mji huohuo.

Sasa Krismasi. Hili limenikera kidogo, samahani, sio kwa sababu mama ana nia mbaya bali kwa sababu mtihani wenyewe hauna haki. Dawa hii inaingia polepole na inatoka polepole, umeona mwenyewe ilichukua miezi mitatu kukusaidia. Baada ya kuacha inachukua kama siku 40 hata nusu tu kutoka mwilini. Kwa hiyo hata ungeacha kweli leo, Krismasi ungekuwa bado unakula akiba, ungecheza, ungekula kisusio, wote wangesema si unaona hakuwa na kitu. Na ugonjwa ukaja mwezi wa pili au wa tatu wakati hakuna anayekumbuka mtihani, wakasema umerogwa. Wakanada walishajaribu hili kwa utaratibu, matokeo yakatoka 1991, wagonjwa 47 waliokuwa wametulia, wengine wakaendelea na dawa wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu bila kujua, ndani ya miezi sita waliopewa kisicho na kitu ugonjwa uliwarudia mara mbili na nusu zaidi. Na lupasi ikirudi haiahidi kurudi kwenye vidole tu, inaweza kwenda kwenye figo. Hizo siku kumi na moja ulizoruka kwa sababu hiyohiyo ya kutoka polepole hazijakuacha mtupu, usijitie homa, ila zikiendelea kuongezeka ni mtihani wa mama huohuo unaufanya kwa mafungu.

Kuhusu mimba nina swali, na usinikasirikie. Miaka minne ya ndoa, kidonge una miaka miwili au chini. Ile miwili ya mwanzo nani alifunga kizazi? Na mume wako ameshapimwa? Maana nimeona umepimwa wewe damu, mkojo, umechemshiwa mwarobaini, yeye barua nzima anaendesha Coaster tu. Simlaumu, nauliza. Kinachojulikana ni kwamba kidonge hiki hakifungi kizazi, na wenye lupasi wakishika mimba kwa kawaida wanashauriwa waendelee nacho, kwa sababu ugonjwa ukiamka katikati ya mimba ndo unaoleta kuharibika, presha, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Kuna dawa nyingine za lupasi ambazo kweli hazifai kwa mimba, methotreksati kwa mfano, huenda huko ndiko maneno yalikotoka.

Kwa hiyo pima. Siku tisa zinatosha kipimo cha mkojo, duka la dawa wanacho, nenda la mbali na binamu. Kama ipo, sioni njia ambayo waliokuandikia dawa hawatakiwi kujua mapema, wana vipimo vyao vya kuongeza, kuna aina ya kingamwili inaitwa anti-Ro wanaitafuta kwa mama kwa sababu inaweza kugusa moyo wa mtoto. Na kule kliniki ya wajawazito wanapogawa SP ya kuzuia malaria sema kabla hujameza kwamba una lupasi na unatumia nini, maana SP ina salfa na wenye lupasi wengi salfa haziwapendi. Mwarobaini na msesewe hapo ningevipumzisha mpaka daktari aulizwe, mwambie mama umeambiwa usichanganye, huo si uongo nimekuambia mimi.

Jambo jingine hujaniuliza. Usije ukadhani kwa kuwa unameza ndugu ya klorokwini basi mbu wa Kahe hawakuhusu. Haikukingi. Ukipata homa toboa kidole upime, na ikiwa ni malaria waambie unachotumia kabla hujapewa mseto, dawa hizi mbili zote zinagusa mapigo ya moyo na inabidi mtu aliyesoma aangalie. Unaona sasa ubaya wa kopo? Siku umezidiwa hujitambui, mume anakupeleka yeye, anaulizwa mgonjwa anatumia dawa gani, anajibu hakuna, aliacha mwezi wa tisa.

Ndo narudi kwenye siri. Umeniuliza kama mlango ni huu au ule, uache, udanganye, au umwage yote mbele ya wote. Kuacha nimeshakuonyesha kunakopeleka, na sidhani kama kunaokoa ndoa, kunaahirisha tu. Kuendelea hivi hivi kunakupa dawa siku sita kwa wiki na moyo wa kukimbia siku saba, halafu rafiki yako wa viatu anajua kuhusu mwili wako kuliko mume wako, siku akijua hilo litamuuma kuliko lupasi yenyewe. Kumwaga yote mbele ya baraza la Kibosho, mi naogopa. Sio kwamba ni vibaya, wapo waliofanya ikawa nafuu. Ila watu wakiwa wengi kila mmoja anataka kuwa na neno, wifi atataka cheti, mama atajiona kaaibishwa, na mume wako atalazimika kuchagua upande kabla hajaelewa hata jina la ugonjwa.

Umesema ni wa mama yake. Inawezekana. Lakini nimejiuliza, huyu mtu aliona dawa asizozijua akaenda kuuliza, hakukupiga, hakukufukuza, picha kamtumia mtu anayemuona mtaalamu. Kwa kanuni zangu hiyo ni hofu zaidi kuliko hasira. Hakuambiwa ukweli na wewe, akaenda kuutafuta alikojua. Je, umewahi kumpa nafasi ya kuusikia yeye peke yake, kabla ya mama? Wengine wanaona rahisi kwenda naye kliniki amsikie daktari kwa masikio yake, kuna wanaume neno la mke ni neno tu ila la mwenye koti jeupe linakuwa taarifa. Ubaya wake ni kwamba anaweza kujisikia kavutwa kwenye kesi iliyokwisha amuliwa. Wengine wanaanza nyumbani usiku, redio imezimwa, wanasema lile la baridi yabisi lilikuwa nusu na nusu nyingine ni hii, na niliogopa kwa sababu hii. Hapo anaweza kukasirika siku mbili tatu, ujiandae. Ukiona kuna hatari ya zaidi ya kukasirika, unamjua wewe mi simjui, basi dada yako aliyekupeleka hospitali awe karibu.

La ARV mnaweza kwenda kupima wote wawili, ni bure na ni nusu saa, na pengine ndilo litakalomlaza usingizi kuliko maelezo yangu yote ya vifuko. Ila fikiria kidogo kabla, mtu akizoea kudai ushahidi na wewe ukazoea kuutoa, kesho atadai mwingine. Na hapo hapo niseme, hata zingekuwa ARV, mtu anayemeza dawa yake kila siku hana cha kuona aibu, wifi yako aangalie mdomo.

Mama mkwe labda aambiwe na mwanawe. Mtoto wake akimwambia mama nilimsindikiza mwenyewe nikasikia, lina uzito ambao mimi na wewe hatuna. Na mpe kazi. Bibi anayechemsha mizizi anataka kusaidia, anaweza kuchemsha mtori, huo hauna ugomvi na dawa yoyote.

Jumapili unavyokosa dawa, kwa sasa, kidonge kimoja kwenye karatasi ndani ya pochi ya kanisani kinaingia. Sikufundishi kudanganya, nakuvusha tu mpaka ujue unachotaka kufanya. Ukipima, jibu liwe lolote, niandikie kabla hamjapanda Kibosho.

Shangazi